Laki sita kwa mwaka, deni likashuka elfu 39: kisa cha mkopo wa nyumba Mtwapa

Siku mbili baada ya Krismasi ya 2017, mke wa rafiki yangu aliniwekea karatasi mezani, nyumbani kwao Mtwapa. "Shemeji, wewe kazi yako ni mikopo. Nisomee hii. Mimi nimeisoma mara tatu na bado naona kama nimekosea."

Ilikuwa stetimenti ya mkopo wao wa nyumba. Mwaka mzima walikuwa wamelipa shilingi 596,892, mwezi kwa mwezi, bila kuruka hata mmoja. Deni lilikuwa limetoka milioni 4 likafika 3,960,649. Katika zile karibu laki sita, elfu 39 na kidogo tu ndizo zilizopunguza deni. Zote zilizobaki zilikuwa riba.

Hakukuwa na kosa lolote. Niligeuza karatasi nikampigia hesabu nyuma yake. Mkopo wa milioni 4, riba asilimia 14 kwa mwaka, muda miaka 20: malipo ya mwezi ni 49,741. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 46,667. Kinachobaki kugusa deni ni 3,074. Ukienda mwendo huo hadi mwisho, utakuwa umeirudishia benki karibu milioni 12 kwa milioni 4 ulizochukua. Aliitazama ile namba 3,074 kwa muda, kisha akamwita mumewe aliyekuwa uani: "Baba, njoo uone hela ya viatu vya mtoto ndiyo tumelipia nyumba."

Wameniruhusu kukieleza kisa chao bila majina. Nitawaita Mwalimu na Nesi, kwa kazi zao. Mkopo wa miaka 20 waliumaliza Machi 2024, miaka saba na miezi mitatu tangu waanze. Wanaowajua husema walijinyima sana, na kweli walijinyima. Lakini mimi niliyekuwa nikiziona hesabu zao nasema kujinyima ni nusu tu ya habari. Nimeona wateja waliojinyima kuliko wao na bado wanadaiwa. Tofauti ilikuwa shilingi iliyookolewa ilipelekwa wapi, na mapema kiasi gani.

Walipoanzia

Waliuchukua mkopo Januari 2017. Wakati ule Kenya ilikuwa na sheria ya kikomo cha riba, iliyoanza Septemba 2016: benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Kiwango kilikuwa asilimia 10, kwa hiyo wao wakapata 14. Wengi walikimbilia mikopo wakiona ni nafuu, na ikilinganishwa na miaka iliyotangulia ilikuwa nafuu kweli. Lakini asilimia 14 kwa miaka 20 ni mzigo, hata ukipewa kwa tabasamu.

Mishahara yao miwili, baada ya makato yote, ilikuwa kama 118,000. Walikuwa wakilipa kodi ya nyumba 22,000 Kisauni, wakahamia kwenye malipo ya 49,741. Pengo la elfu 28 waliliona, wakasema litazibika.

Miezi mitano baadaye ukaja mgomo wa wauguzi. Ulianza tarehe 5 Juni 2017 ukaisha tarehe 2 Novemba. Mshahara wa Nesi ulisimamishwa. Mwalimu alikuwa akipokea kama elfu 55, na benki inachukua karibu 50 kabla hajaugusa. Walikula akiba ya chama chake Nesi, wakamkopa kaka yake, watoto wakarudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo. Nesi aliniambia baadaye kwamba Septemba ile alikuwa akiamka saa tisa usiku na kukaa kitandani akihesabu siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi. Mume amelala, au anajifanya amelala.

Nautaja mgomo huu kwa sababu ndio unaoeleza maamuzi yao ya baadaye, yakiwemo yale ambayo mimi sikuyakubali. Mtu aliyewahi kulipa mkopo wa nyumba bila mshahara halioni deni kama anavyoliona afisa wa mikopo.

Gari

Januari 2018 walikaa na daftari la mistari, lile la shule la kurasa 200. Nesi alilichora safu tatu: *lazima*, *ingoje*, na *ya watu*. Ya watu ni michango: matanga, harusi, karo ya mtoto wa dada, dawa za mama mkwe kule Taita. Wakaandika kila kitu kwa mwezi mzima, mpaka nazi na kiberiti.

Walidhani jikoni ndiko kunakovuja. Mwezi ulipoisha, daftari likasema ni gari. Mafuta, bima, fundi na maegesho vilikula kama elfu 14 kwa mwezi ukivigawanya sawasawa, na gari lenyewe lilikuwa likienda kazini na kurudi tu. Mwalimu alilipenda lile gari. Alikuwa amelinunua kabla ya watoto, na kila Jumamosi asubuhi alilisugua kwa kitambaa chake maalumu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Waliliuza Februari kwa 480,000, na siku mnunuzi alipolichukua Mwalimu alitembea mpaka ukingo wa barabara kuu akisingizia kununua vocha.

Fedha zile zikapelekwa benki moja kwa moja, kwenye deni. Na hapa ndipo mambo yalipotaka kwenda mrama.

Mwishoni mwa Machi benki ilikata 43,702 badala ya 49,741. Mwalimu akafurahi: elfu sita zimerudi mfukoni! Akanipigia simu kunipa habari njema. Nikamwuliza, "Mkopo wako unaisha lini sasa?" Akaenda kuuliza. Akaambiwa: Desemba 2036, palepale pa zamani.

Ukilipa pesa ya ziada, benki inaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Inaweza kuacha muda ulivyo na kupunguza malipo ya mwezi. Au inaweza kuacha malipo yalivyo na kupunguza muda. Benki yao ilichukua njia ya kwanza kwa sababu hakuna aliyeandika barua ya kusema vingine. Njia zote mbili ni halali. Hesabu zake ndizo hazifanani hata kidogo:

Deni baada ya gari lilikuwa kama 3,473,500. Kwa njia ya benki, miezi 226 iliyobaki kwa 43,702 ni shilingi milioni 9.9. Kwa malipo yaleyale ya 49,741, riba ileile, deni linaisha kwa miezi 145, na jumla ni milioni 7.2. Tofauti ni zaidi ya milioni 2.6, na hakuna aliyekula ugali mkavu hata siku moja ili kuipata. Ni barua ya aya moja. Mwalimu aliiandika kwa mkono, akaipeleka mwenyewe tawini, akadai nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Mwezi wa Mei malipo yakarudi 49,741.

Kitazame kitu hicho kwa upande mwingine. Laki nne na elfu themanini za gari, kwa kulipwa mapema namna ile na muda kupunguzwa, zilifuta miezi 80 ya malipo. Miezi 80 mara 49,741 ni karibu milioni 4. Gari lilelile, kama wangeliuza mwaka wa kumi na tano, lingefuta miezi kumi na kitu tu. Mwanzoni mwa mkopo karibu malipo yako yote ni riba, kwa hiyo shilingi ya ziada inayogusa deni inaua riba ya miaka yote iliyo mbele yake. Kila mteja anayekaa mbele yangu huwa namchorea jambo hili, na bado wengi husema, "Tutaanza kulipa zaidi watoto wakimaliza shule." Wakati huo faida kubwa itakuwa imeshapita.

Elfu 20 za kila mwezi

Kuanzia Mei 2018 walilipa 69,741 kila mwezi: malipo ya kawaida na 20,000 juu yake. Hizo 20,000 zilitoka wapi? Elfu 14 zilikuwa za gari, ila wakaanza kulipa matatu, kama elfu 6 kwa wote wanne. Jikoni walipata kama elfu 4. Elfu 8 na nusu zilitoka kwenye karo: waliwahamisha watoto kutoka shule ya binafsi kwenda shule ya umma.

Jikoni nitapita haraka, kwa sababu ndiko kunakosimuliwa sana na ndiko kulikotoa kidogo. Jumamosi mbili kwa mwezi Nesi alikwenda soko la Kongowea alfajiri akitoka zamu ya usiku, akanunua viazi, vitunguu na nyanya kwa bei ya wachuuzi, akagawana na jirani wawili. Maharagwe yalichemshwa Jumapili ya wiki nzima. Mahamri yalipikwa nyumbani. Mwalimu alibeba chakula kazini kwenye kontena lililokuwa na ufa kwenye kifuniko, limefungwa kwa mpira. Ni mambo yanayofanywa na nusu ya mji wetu bila kuyaita mkakati.

Shule ni jambo jingine. Kifungua mimba alikuwa darasa la tano. Aliacha marafiki wa miaka minne na kuingia darasa la wanafunzi zaidi ya 60. Wiki ya kwanza alimwuliza mama yake, "Kwani sisi tumekuwa maskini?" Nesi hakumpa jibu la juu juu. Alimwonyesha stetimenti. Akamweleza riba ni nini, na kwa nini baba anapanda matatu. Na Mwalimu, ambaye ni mwalimu kweli, alikaa naye kila jioni kwenye meza ya jikoni, saa moja hadi saa mbili, miaka yote ile. Bila saa hiyo mimi ningesema uamuzi ule ulikuwa makosa. Familia isiyo na mtu wa kukaa na mtoto jioni isichukue sehemu hii ya kisa na kuiiga. Elfu 8 na nusu zilizookolewa hapo zililipwa kwa jioni za Mwalimu, na jioni hizo hazimo kwenye daftari.

Safu ya *ya watu* hawakuigusa. Nilimwuliza Nesi kwa nini, kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Akasema, "Wakati wa mgomo, waliotulisha ni walewale waliomo kwenye safu hii." Nikanyamaza.

Kodi ya mapato, jambo ambalo hawakulijua

Mwaka wote wa kwanza waliacha mezani shilingi 90,000. Kenya, anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe, uliotoka benki, huruhusiwa kuiondoa riba hiyo kwenye mapato yake kabla ya kutozwa kodi. Kuanzia Januari 2017 kikomo kilikuwa 300,000 kwa mwaka; mwishoni mwa 2024 kikapandishwa hadi 360,000. Kwa Mwalimu, aliyekuwa kwenye daraja la asilimia 30, hiyo ni nafuu ya 7,500 kila mwezi. Hakuna aliyemwambia. Alijaza ritani ya 2017 na kuambatisha cheti cha riba kutoka benki, akarudishiwa 90,000 katikati ya 2018, na zote zikaenda kwenye deni. Baada ya hapo mwajiri wake akawa anaihesabu moja kwa moja kwenye mshahara.

Hizo 7,500 za kila mwezi hawakuzipeleka benki. Walizipeleka sacco, kwenye akiba ya dharura, mpaka zikafika malipo ya miezi minne ya nyumba. Hilo lilikuwa sharti la Nesi na hakutaka mjadala. Mimi ningewashauri hivyohivyo. Pesa uliyokwisha kuilipa benki mapema huwezi kwenda kuidai mtoto akilazwa.

Sharti hilo lilijibu 2021, mama yake Mwalimu alipougua. Kwa miezi minne hawakulipa zile 20,000 za ziada, wakachota akiba kwa ajili ya hospitali, na malipo ya kawaida ya benki hayakuguswa.

Tulipotofautiana

Ilipofika katikati ya 2020, deni lilikuwa limeshuka hadi kama milioni 2.3. Riba yao ilikuwa imeshuka pia, hadi asilimia 13 tangu Julai 2018, kwa sababu kiwango cha Benki Kuu kilishuka hadi 9. Nikawaendea na karatasi yangu.

Hoja ilikuwa hii. Asilimia 13 ya milioni 2.3 ni karibu laki tatu kamili, yaani kikomo cha nafuu ya kodi. Juu ya hapo, kila shilingi mliyolipa mapema iliwaokolea asilimia 13 nzima. Chini ya hapo, riba mnayoiepuka ndiyo ileile inayowapa nafuu, kwa hiyo mnaokoa 13 mkipoteza asilimia 30 yake. Faida halisi ni asilimia 9.1. Na wakati huohuo hatifungani za serikali za miundombinu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, na riba hiyo haikatwi kodi, zilikuwa zikitoa zaidi ya asilimia 10. Nikawashauri waache kulipa ziada, zile 20,000 wazikusanye mpaka zifike laki, wanunue hatifungani.

Mwalimu alikubali. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Shemeji, mgomo mwingine ukija, hatifungani itawazuia benki wasiiuze nyumba?"

Nilimjibu kwamba hatifungani inaweza kuuzwa sokoni Nairobi kabla haijaiva, na fedha zikalipa benki. Ni kweli. Lakini bei ya kuuza hujui itakuwa ngapi siku unapokuwa na shida, na nilijua ananisikia nikilipita jambo hilo haraka. Wakaendelea kulipa. Februari 2024, mwezi mmoja kabla hawajamaliza, hatifungani ya miundombinu ilitoka kwa asilimia 18.46, na nikakumbuka ile karatasi yangu. Kwa hesabu nilikuwa sahihi. Nyumba ni yake, na usingizi ni wake. Siku hizi mteja akinijia na swali hili, kwanza namwuliza kama amewahi kukosa mshahara.

Upande wake Nesi nao ulithibitika. Kikomo cha riba kilifutwa Novemba 2019, na Benki Kuu ilianza kupandisha kiwango chake Mei 2022. Kilikuwa asilimia 7. Juni 2023 kikafika 10.5, Februari 2024 kikafika 13. Barua ya kuongezewa pointi moja na nusu iliwafikia katikati ya 2023, deni likiwa limebaki laki sita kasoro. Nyongeza yake ilikuwa shilingi mia saba na kitu kwa mwezi. Jirani yao wa ukuta mmoja, aliyechukua mkopo mwaka huohuo na bado alikuwa anadaiwa milioni 3 na nusu, alipata barua ya maneno yaleyale. Kwake ilikuwa zaidi ya 4,300 kila mwezi, mwaka ambao hata unga na mafuta ya matatu vilikuwa havishikiki.

Tangu Januari 2017 hadi malipo ya mwisho ya Machi 2024, jumla ya walichotoa ni takriban milioni 6.2. Hata nikizingatia kwamba riba ilishuka njiani, kama wangelipa kawaida wangetoa zaidi ya milioni 11. Sikatai kwamba shilingi ya 2036 si sawa na ya leo, na mwenye kupenda hesabu atapunguza tofauti hiyo. Bado ni mamilioni.

Nisingempa kila mtu njia hii. Mtu mwenye mkopo wa simu unaomtoza asilimia 7.5 kwa mwezi aanze na huo, nyumba ingoje. Mwenye kipato cha leo kipo kesho hakipo ajaze akiba kwanza. Na ambaye mume au mke hajakubali, asianze kabisa. Nimeona ndoa ikipasuka kwa sababu ya daftari kama lile, mmoja akiandika na mwingine akificha risiti.

Hati

Kumaliza kulipa hakukuwa mwisho. Wengi hushangilia siku deni linapofika sifuri, wakasahau kwamba kwenye rejista ya ardhi nyumba bado imeandikwa rehani ya benki. Aprili waliandika barua ya kudai hati na waraka wa kuondoa rehani. Wakalipa wakili. Wakasimamisha bima ya mkopo iliyokuwa ikikatwa pamoja na malipo, ila ile ya moto wakaiendeleza kwa jina lao. Mei hakuna kitu. Juni wakaambiwa waraka umesainiwa, unangoja sahihi ya pili. Nesi alikuwa akipitia tawini kila akitoka zamu, na sare yake ya kazi, akikaa kwenye benchi mpaka aitwe.

Julai wakapewa hati. Mwalimu alitaka waende nyumbani. Nesi akasema hapana, kwanza searchi, yaani kukagua rejista ya ardhi. Wakalipia, wakangoja, na karatasi ilipotoka ikaonyesha rehani bado ipo: waraka ulikuwa haujasajiliwa. Wakarudi kwa wakili. Wiki tatu baadaye walifanya searchi ya pili, na sehemu ya rehani ikawa haina kitu. Nesi alinipigia picha ya karatasi hiyo akanitumia saa nne asubuhi, bila neno lolote, na jioni nilipofika kwao alikuwa ameibandika ndani ya jalada la lile daftari.